Nanunua nyumba Texas kwa biashara: nahitaji leseni ya wakala, na nikiipata itanibana?

Swali la msomaji: "Naishi Houston. Nina nyumba mbili za kupangisha nilizonunua mwenyewe. Sasa nataka kuingia kwenye biashara ya kufunga mkataba na mwenye nyumba, kisha kumuuzia mwekezaji mwingine mkataba huo kabla ya mauzo kukamilika. Tayari nimewasaidia wenzangu wawili kupata nyumba, na kila mmoja akanipa asante ya dola elfu moja. Pia namkusanyia kodi rafiki aliyerudi Afrika Mashariki na kuacha nyumba yake hapa. Ananiachia kidogo kila mwezi. Wanaouza kozi mtandaoni wanasema mwekezaji hahitaji leseni, na kwamba ukishakuwa nayo huruhusiwi tena kununua kwa bei ya chini. Ni kweli?"

Jibu: Ndani ya swali lako mna biashara nne, na sheria haizitazami kwa jicho moja. Kununua, kukarabati, kupangisha na kuuza nyumba zako mwenyewe hakuhitaji leseni. Kupokea dola elfu kwa kumtafutia mwenzako nyumba kunaihitaji, hata mkiiita asante. Kodi ya rafiki yako nayo imeshaingia upande wa leseni, na nitaeleza kwa nini. Kuuza mikataba ndiko kwenye utata, na ndiko nitakakokaa zaidi.

Texas haiulizi unajiitaje, mwekezaji au dalali. Sheria ya leseni, ambayo ni Sura ya 1101 ya Sheria za Kazi na Taaluma za jimbo, inatazama mambo mawili: mali unayoishughulikia ni ya nani, na je, unatarajia kulipwa kwa kazi hiyo. Ukishughulika na mali ya mtu mwingine kwa kutarajia malipo, wewe ni wakala machoni pa sheria, na hilo linajumuisha mambo ambayo watu hudhani ni madogo: kumtafutia mtu nyumba ya kununua au kupanga, kumletea muuzaji mnunuzi, kujadiliana bei kwa niaba ya mwingine. Si lazima iwe biashara ya kila siku. Tendo moja linatosha, na hata kuahidi tu kulifanya kwa malipo kunahesabika.

Kwa hiyo zile dola 2,000 ulizopokea ni kamisheni isiyo na leseni. Kufanya kazi ya uwakala bila leseni ni kosa la jinai la daraja A la makosa madogo: faini hadi dola 4,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kando ya hapo kuna adhabu ya madai ambayo haipungui kiasi ulichopokea na haizidi mara tatu yake, yaani kwako ni kati ya dola 2,000 na 6,000. Na kama mmoja wao angekataa kukulipa usingekuwa na pa kwenda, kwa sababu mahakama haimsikilizi anayedai kamisheni bila kuthibitisha kwamba alikuwa na leseni alipoanza kazi. Wakala mwenye leseni akikumegea sehemu ya kamisheni yake kwa kumletea mteja, naye anaihatarisha leseni yake. Acha hilo leo. Kumwelekeza rafiki kwa wakala mzuri bure ni halali; malipo ndiyo yanayobadilisha jina la kitendo.

Kuhusu kodi ya nyumba ya rafiki: sheria ya Texas inataja waziwazi kwamba anayedhibiti upokeaji au uwekaji benki wa kodi ya nyumba ya familia moja, kwa niaba ya mwenye nyumba na kwa malipo, anafanya kazi ya uwakala. Ile "kidogo" anayokuachia kila mwezi ndiyo inayokutia ndani. Una njia mbili za kutoka. Ya kwanza, mpangaji aweke kodi moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye nyumba, nawe ubaki mtu wa kufungua mlango kwa fundi, bila kutafuta wapangaji na bila kugusa kodi. Ya pili, rafiki aajiri msimamizi mwenye leseni. Hata ukimfanyia bure, usiipitishe kodi yake kwenye akaunti yako binafsi. Siku mtakapogombana kuhusu bomba lililopasuka, hakuna atakayeweza kutenganisha fedha zake na zako.

Sasa mikataba. Mwaka 2017 Texas iliongeza kifungu cha 1101.0045 kwenye sheria hiyo. Kinasema mtu asiye na leseni anaweza kupata haki ya kununua nyumba kwa mkataba, kisha akaiuza au kuihamisha haki hiyo, kwa masharti mawili: asiitumie mikataba hiyo kama kificho cha kufanya uwakala, na ambainishie kila anayetaka kuinunua kwamba anachouza ni haki inayotokana na mkataba, si nyumba yenyewe. Asiyebainisha anahesabiwa kuwa anafanya uwakala, na adhabu ni zile zile.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, na mara nyingi kosa limo ndani ya tangazo. Mtu anafunga mkataba na mama mzee, anapiga picha za jiko na uwanja, anaandika "Nyumba inauzwa, vyumba vitatu, dola 123,000", anabandika kwenye makundi ya wawekezaji. Nyumba hiyo si yake. Anachomiliki ni karatasi inayompa haki ya kuinunua. Tangazo lililo sahihi linasema kwamba kinachouzwa ni nafasi yake ndani ya mkataba wa ununuzi, kwamba yeye si mmiliki wa nyumba, na kwamba mnunuzi atachukua mkataba pamoja na masharti na tarehe zake. Maelezo hayo yaandike, na mnunuzi ayatie sahihi kabla hajakupa hata senti. Maneno ya simuni hayana ushahidi.

Kwa mwenye nyumba pia andika, kabla hajasaini. Mwambie kwamba una nia ya kuhamisha mkataba kwa mtu mwingine kwa faida, kwamba faida hiyo itatoka kwenye tofauti ya bei, na kwamba wewe si wakala wake. Wengine huogopa kuwa muuzaji atakimbia. Baadhi watakimbia, kweli. Lakini aliyesaini bila kujua ndiye anayefika kwenye kampuni ya hati (inayohakiki umiliki na kusimamia malipo ya mauzo) siku ya kukamilisha mauzo, akaona jina asilolijua na dola 10,000 zinazokwenda kwako, akasimamisha kila kitu na kumpigia wakili. Biashara uliyoipata kwa kunyamaza unaipoteza dakika ya mwisho, wakati mnunuzi wako ameshalipia ukaguzi.

Kuna mambo mengine yanayoharibika mara kwa mara. Kuna mtu anayefunga mikataba bila fedha wala mpango wa kununua endapo hatapata wa kumhamishia, akitegemea kipindi cha hiari, yaani siku ambazo mkataba unamruhusu mnunuzi kubadili nia, kujitoa siku ya mwisho. Mwenye nyumba anayekimbizana na mnada wa benki anaweza kupoteza wiki tatu alizokuwa nazo za kuiokoa nyumba yake. Kama huna uwezo wa kununua, mwambie hivyo, na weka muda mfupi. Kuna pia wanaosajili notisi ya mkataba kwenye kumbukumbu za kaunti ili muuzaji asiweze kumuuzia mwingine, kisha wanatoweka; notisi ile inachafua hati na inaweza kukuletea kesi. Na arbuni ya dola 10 inakubalika kwenye karatasi, lakini muuzaji yeyote mwenye mshauri ataisoma kama ilivyo: huna nia.

Halafu kuna mnunuzi wa mwisho. Mikopo yenye bima ya FHA, idara ya serikali kuu inayowekea bima mikopo ya nyumba, inataka muuzaji awe mmiliki anayetajwa kwenye kumbukumbu za ardhi, na mkataba uliohamishwa haukubaliki. Hata ukinunua kwanza ndipo uuze, FHA haitakubali mkataba wa kuuza uliosainiwa ndani ya siku 90 tangu uwe mmiliki. Kati ya siku 91 na 180, bei ikiwa imepanda kwa asilimia 100 au zaidi, unatakiwa uthamini wa pili ambao mnunuzi hautalipia. Ndiyo maana wanaouza mikataba huishia kwa wawekezaji wenye fedha taslimu au mikopo ya binafsi ya muda mfupi.

Usidhani kwamba ruhusa ya Texas inavuka mpaka. Illinois ilibadilisha sheria yake mwaka 2019: ukifanya miamala miwili au zaidi ya aina hii ndani ya miezi 12, unahitaji leseni. Oklahoma ilipitisha sheria yake mwaka 2021, na tangu Novemba mwaka huo kuitangaza kwa umma haki ya namna hii ni kazi ya mwenye leseni. South Carolina ilifuata mwaka 2024 kwa kuweka wazi kuwa kutangaza nyumba ya mtu mwingine kwa kutarajia malipo ni uwakala. Pennsylvania nayo ilipitisha sheria mwaka huo huo, inayotumika tangu Januari 2025. Hiyo inamtaka mwenye biashara hii awe na leseni, na juu yake inampa mwenye nyumba haki ya kuvunja mkataba ndani ya siku 30 kama mauzo hayajakamilika. Mwelekeo unaonekana. Anayejenga biashara yake nzima juu ya kutokuwa na leseni anajenga mahali ambapo ardhi inasogea, na kwa maoni yangu mtu anayenuia kufanya zaidi ya mikataba miwili mitatu kwa mwaka aanze masomo sasa.

Njia ya kupata leseni ya wakala Texas si fupi kama wengi wanavyodhani, wala si ngumu. Unatakiwa uwe na miaka 18 au zaidi, uwe raia au mtu aliyeruhusiwa kisheria kuwepo nchini, na ukamilishe saa 180 za masomo: kozi sita za saa 30 kila moja, yaani misingi sehemu ya kwanza na ya pili, sheria ya uwakala, sheria ya mikataba, fomu rasmi za mikataba za tume, na fedha za mali isiyohamishika. Unaomba kwa tume ya jimbo inayosimamia mawakala, TREC, unachukuliwa alama za vidole, unafanya mtihani wenye sehemu mbili, ya taifa na ya jimbo. Ukianguka mara tatu unarudishwa darasani kwa saa za ziada kabla ya kujaribu tena. Maombi yana muda wa mwaka mmoja. Usiyafungue kisha ukasafiri miezi minane.

Kama umewahi kuwa na kesi ya jinai, omba kwanza tume ikupime kama unafaa, kabla ya kulipia kozi hata moja. Utaratibu huo upo rasmi, na umewaokoa watu na ada za masomo ambayo yasingewafikisha popote.

Ukifaulu, leseni yako inakuwa imelala mpaka broka mwenye leseni, yaani wakala wa ngazi ya juu anayesimamia mawakala wengine, akubali kukudhamini. Wakala hafanyi kazi peke yake: kila kamisheni inapitia kwa broka huyo, na mteja hawezi kukulipa mkononi. Leseni inadumu miaka miwili, na kabla ya kuihuisha mara ya kwanza unatakiwa uwe umeongeza saa 90, jumla 270. Majimbo hayafanani hata kidogo hapa. California inataka saa 135 na mtihani wa maswali 150 wenye kiwango cha kufaulu cha asilimia 70; Florida inataka saa 63 na asilimia 75. Ukihama, angalia upya.

Sasa lile dai la wauza kozi, kwamba leseni inakukataza kununua kwa bei ya chini. Si kweli. Hakuna kanuni ya TREC inayokuwekea bei ya kununua. Kinachokatazwa ni kunyamaza. Kanuni ya 535.144 inamtaka mwenye leseni, anaponunua au kuuza kwa niaba yake mwenyewe, abainishe kwa maandishi kwamba ana leseni, kabla ya kufunga mkataba. Inahusu pia mzazi wako, mwenzi wako, mtoto wako, na kampuni ambayo una hisa zaidi ya asilimia 10. Wale wanaonunua kwa jina la kampuni ya mke wakidhani wamejificha, kanuni imeshawataja. Na inaongeza jambo zito: usitumie utaalamu wako kumdhuru mtu unayefanya naye biashara.

Chukua mfano wenye hesabu. Nyumba ikishakarabatiwa itauzwa dola 240,000. Ukarabati utagharimu 45,000. Wawekezaji wengi hutumia kipimo cha asilimia 70: 240,000 mara 0.70 ni 168,000, ukitoa 45,000 unabaki na 123,000. Hiyo ndiyo bei ya juu ambayo mwekezaji atakubali. Ukitaka ada ya dola 10,000, mwenye nyumba utampa 113,000. Tuseme nyumba hiyo hiyo, jinsi ilivyo, ingewekwa kwenye mtandao wa MLS ambamo mawakala hubandika nyumba zinazouzwa, ingeweza kupata 165,000 baada ya miezi miwili. Muuzaji anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuchukua 113,000: mirathi yenye ndugu sita, paa linalovuja, benki inayobisha mlango, au hataki tu watu wageni wapite sebuleni kwake. Hiyo ni haki yake. Lakini ili iwe haki yake, ajue anachokiacha.

Bila leseni, sheria inakudai uiseme haki unayoiuza na usidanganye. Ukiwa na leseni, swali dogo linageuka zito: mwenye nyumba anakuuliza, "Wewe unajua mambo haya, nyumba yangu ina thamani gani?" Ukijibu "kama 115,000 hivi" huku simu yako ina hesabu ya 240,000, umetumia utaalamu wako dhidi yake, na barua hiyo ya malalamiko TREC wanajua kuisoma. Jibu salama ni kwamba wewe ni mnunuzi na unanunua kwa faida. Kwamba thamani ya soko inaweza kuwa kubwa kuliko bei unayompa. Na kwamba anaweza kupata maoni ya wakala mwingine au mthamini kabla ya kusaini. Yaweke kwenye ukurasa mmoja wenye sahihi yake na tarehe. Muuzaji mwenye haraka kweli atausaini ukurasa huo bila kusita. Anayesita ndiye ambaye angekushtaki.

Hatari kubwa zaidi ni kugeuza kofia katikati ya mazungumzo. Umeenda kwa mama mzee kama wakala wa kumuuzia. Umekaa mezani, umemwonyesha mauzo ya jirani, amekuamini akakueleza kwamba anadaiwa na hawezi kungoja. Kisha unasema, "Basi ninunue mimi." Kuanzia alipoanza kukueleza siri zake kwa kuamini kuwa uko upande wake, una wajibu wa kumtanguliza yeye. Siri ya deni lake huwezi kuitumia kushusha bei. Mawakala makini wanaamua kabla hawajagonga mlango: leo naenda kama mnunuzi, au leo naenda kama wakala. Wakienda kama wakala na nyumba ikawavutia, wanamwachia wakala mwingine asiyehusika amwakilishe muuzaji, na broka wao anajua tangu mwanzo. Fomu ya IABS, ambayo mawakala wa Texas wanatakiwa kuitoa kwenye mazungumzo ya kwanza ya maana, ipo kwa ajili ya kuweka wazi nani anamwakilisha nani; itumie kwa maana yake, si kama karatasi ya kujazia faili.

Ukijiunga na chama cha taifa cha mawakala, NAR, na kujiita Realtor, unaongeza kanuni za maadili ambazo chama hicho kilizitunga mwaka 1913. Zina vifungu 17, na kifungu cha 4 kinasema karibu maneno yale yale: ukinunua kwa ajili yako, familia yako au kampuni yako, sema, ukiuza mali yako mwenyewe, mwandikie mnunuzi kwamba ni yako. Si kila mwenye leseni ni Realtor. Lakini sehemu nyingi, kuingia MLS kunapitia chama, kwa hiyo wengi wanaishia humo. Humo utakutana pia na mabadiliko ya 17 Agosti 2024, yaliyotokana na makubaliano ya kesi ambayo NAR ilikubali kulipa dola milioni 418: kamisheni ya wakala wa mnunuzi haitangazwi tena kwenye MLS, na wakala lazima awe na mkataba wa maandishi na mnunuzi kabla ya kumzungusha kwenye nyumba. Kama unawazia kuwahudumia watu wa jamii yetu, jizoeze mapema kuuzungumzia mkataba huo. Mtu aliyezoea kukubaliana kwa mdomo ataona humwamini.

Jambo linalowanasa mawakala wanaohudumia watu wao ni Sheria ya Haki katika Makazi ya 1968. Inakataza ubaguzi kwa rangi ya ngozi, asili ya mbari, dini, jinsia, nchi ya asili, kuwa na watoto, na ulemavu. Mteja atakuambia kwa nia njema, "Nitafutie mtaa wenye Waafrika wenzetu," au "karibu na Waislamu." Wakala akichagua nyumba kwa kigezo hicho, ameingia kwenye kosa la kuwaelekeza watu mitaa kwa rangi au dini yao, hata kama mteja mwenyewe ndiye aliyeomba. Unachoweza kufanya: muulize umbali wa kazini, bajeti, idadi ya vyumba, anataka kuwa dakika ngapi kutoka kwenye msikiti au kanisa fulani alilolitaja yeye kwa anwani. Umbali ni ukweli unaopimika. Taarifa za shule na usalama mwelekeze azitazame mwenyewe kwenye vyanzo vya umma. Ukisema "mtaa mzuri kwa familia" hujui kesho maneno hayo yatasomwa vipi.

Hili linakugusa hata bila leseni, kwa nyumba zako mbili. Kuna msamaha mdogo kwa mtu binafsi mwenye nyumba zisizozidi tatu za familia moja anayeuza au kupangisha bila wakala, lakini hauhusu matangazo: ukiandika "wapangaji Wakristo tu" au "hatupokei watoto", umevunja sheria. Na ubaguzi wa rangi hauna msamaha kabisa, kwa sababu Sheria ya Haki za Kiraia ya 1866 inaufunga mlango huo. Siku ukishakuwa wakala, usiutegemee msamaha huo tena.

Nyumba zako zikiwa zimejengwa kabla ya 1978, kuna wajibu mwingine ambao wenye nyumba wadogo huusahau: rangi ya kupaka yenye madini ya risasi (lead). Kabla mpangaji au mnunuzi hajasaini, unampa kijitabu rasmi cha serikali, unamwandikia unachokijua kuhusu rangi hiyo, na mnasaini fomu. Mnunuzi anapewa siku 10 za kufanya uchunguzi akitaka. Nakala unaitunza miaka 3. Ni karatasi mbili tu, na faini yake haina uwiano wowote na urahisi huo.

La mwisho kwenye fedha ni zile "asante" za pembeni. Sheria ya RESPA ya 1974, kifungu cha 8, inakataza kutoa au kupokea kitu cha thamani kwa kuelekeza biashara ya huduma za kukamilisha mauzo yenye mkopo wa nyumba: mkopeshaji, kampuni ya hati, bima, mkaguzi. Afisa mikopo akikupa dola 300 kwa kila mteja, nyote wawili mmekosa, na adhabu inafika faini ya dola 10,000 na kifungo cha mwaka mmoja, mbali na aliyeumia kudai mara tatu ya alicholipishwa. Wakala kumpa wakala mwingine ada ya kumletea mteja ni halali, ikipitia kwa mabroka wao. Fundi wa paa au wa bomba hayumo ndani ya RESPA kwa kawaida, lakini TREC haikuruhusu kupokea kitu kutoka kwake kwa kazi aliyofanya kwa mteja wako bila kumwambia mteja na yeye kukubali.

Na arbuni ya mteja isilale kwako. Inakwenda kampuni ya hati au akaunti ya amana ya broka. California, kwa mfano, inampa broka siku 3 za kazi kuipeleka. Leseni nyingi hupotea kwa kosa hili ambalo halihitaji hata nia ya wizi: mtu aliiweka kwenye akaunti yake "mpaka Jumatatu", na Jumatatu benki ikakata deni la gari.

Kwa hiyo mpangilio wako uwe huu. Acha ada za marafiki na uondoe mkono wako kwenye kodi ya rafiki. Ukitaka kujaribu mkataba mmoja kabla ya leseni, mpe wakili wa mali wa Texas aandike mkataba wa kuhamisha na karatasi mbili za kubainisha, moja ya muuzaji na moja ya mnunuzi. Wakati huo huo anza saa 180. Ukifika kwenye kutafuta broka, usiulize mgawo wa kamisheni tu. Uliza: mnaruhusu wakala kununua kwa ajili yake, na mnakata kiasi gani kwenye mauzo yake binafsi? Bima yenu ya makosa ya kitaalamu inagharamia muamala ambao wakala ndiye mnunuzi au muuzaji? Nyingi hazigharamii, au zinagharamia kwa masharti, na hutaki kulijua hilo siku ya barua ya wakili. Broka asiyeweza kukuonyesha ukurasa wa sera unaojibu hayo, nenda kwa mwingine.